Mwatuuliza: pomadi usoni, rangi ukutani

*Miaka kadhaa sasa napaka pomadi ya kung'arisha. Mashavu yameota madoa ya samawati-nyeusi, na nikiacha siku tatu tu uso unawaka moto. Harusi ya dada yangu ni mwezi ujao. Nifanye nini? – Msomaji wa Himbi, Goma*

Dada, mwezi mmoja hautoshi, tuseme hivyo mapema. Geuza tyubu usome nyuma. Ukikuta "hydroquinone", madoa hayo ndiyo kazi yake: huzuia ngozi kutengeneza rangi, na ikizidi muda huacha weusi wa samawati ndani ya ngozi, mahali ambapo kusugua hakufiki. Ukiipaka zaidi ili kuyafuta, yatakolea. "Clobétasol" ni steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe wa ngozi. Hupunguza unene wa ngozi, mishipa ikaonekana na vidonda vikakawia kupona. Huko kuwaka ni ngozi inayoidai dawa iliyoizoea. Wengi hapo huirudia wakidhani inawafaa, na ndivyo wanavyonasa. "Mercure" au "calomel" ni zebaki: acha leo, maana huharibu figo, kisha umwombe daktari akupime mkojo. Pomadi iliyochanganywa sokoni na kutiwa katika kopo lisilo na jina, ihesabu kuwa na vyote vitatu.

Ila kama steroidi umeipaka mwili mzima, usiikate ghafla. Mwili huacha kutengeneza homoni yake wenyewe, na ukikosa dawa kwa mara moja unaweza kutapika, kupata kizunguzungu, hata kuanguka. Daktari wa ngozi atakupunguzia hatua kwa hatua. Aliyepaka uso peke yake naye aende.

Wakati huo osha uso mara mbili kwa siku kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo na manukato. Ngozi ikiwa bado na unyevu, paka vaselini kidogo sana. Halafu jua: Goma iko karibu na ikweta, kwenye mita 1,500 hivi juu ya bahari, na wingu halizuii miale yote. Krimu ya jua ya SPF 30 (kiwango cha kukinga miale), mistari miwili, kila mmoja wa urefu wa kidole, inatosha uso na shingo. Rudia kila baada ya saa mbili ukiwa nje. Mfuko ukikataa, mwavuli na kofia pana vinasaidia sana. Limau usiguse: ngozi yenye maji yake ikipigwa na jua huungua, na doa jipya huzaliwa.

Madoa huchukua miezi kufifia, na mengine hayaishi kabisa. Kwa harusi, poda ichagulie kwenye taya, mlangoni penye mwanga wa mchana, ifanane na shingo yako. Kitenge cha manjano ya haradali au kijani kilichoiva kitakupendeza. Rangi ya mchanga waachie wengine.

*Uwanja wetu jirani na uwanja wa ndege ni lava ya volkano ya Nyiragongo ya 2002. Baba anataka kupaka rangi nyeupe ukuta wa mawe "upendeze". – Msomaji, Goma*

Mwambie mzee asubiri. Mawe hayo yana vitundu na hunyonya maji. Rangi ya plastiki hufungia unyevu ndani, nao ukitafuta njia hutoka na maganda ya rangi. Chokaa hupumua, lakini mvua zetu huiosha.

Kinachochafua kuta nyingi mjini si weusi wa jiwe, ni saruji iliyopakazwa juu yake. Kwangueni viungio sentimita 2, mjaze upya kwa saruji 1 na mchanga 4, mkiuacha mchanganyiko ndani kidogo ya uso wa jiwe, na mfute mabaki kwa sponji kabla hayajakauka. Kila jiwe litapata kivuli chake. Liangalieni asubuhi jua likipiga ubavuni: vile vitundu ni mapovu ya gesi yaliyoganda lava ilipopoa. Likeni za kijivu, yale magamba madogo yanayoota juu ya jiwe, msizisugue. Ndizo hutangulia kuishi juu ya lava, kangaga hufuata.

Maua yanawezekana. Chimbeni shimo la sentimita 40, mvunje mwamba wa chini kwa nyundo, kisha mmwage ndoo ya maji. Yakikaa zaidi ya saa moja, endeleeni kuvunja, maana mizizi itaoza na lawama ziangukie jiwe. Jazeni udongo sehemu 2 na samadi iliyooza 1. Maua ya kana ya njano yakae mbele ya ukuta. Bugenvilia iende mita moja mbali na msingi.