Kompresa Imekufa, au Imesingiziwa?

SWALI: Ndugu mhariri, salaam. Sebuleni kwangu hapa Tanga, si mbali na bahari, nina kiyoyozi cha BTU 18,000 nilichokinunua mwaka 2013, nacho kinatumia gesi ya R22. Wiki mbili zilizopita umeme ulikatika na kurudi mara tatu katika usiku mmoja, na tangu hapo mashine ya ndani inapuliza hewa isiyo na ubaridi wowote. Ile ya nje, feni yake inazunguka, lakini kompresa inanguruma sekunde chache kisha inanyamaza. Fundi alikuja, akaigusa kompresa kwa mkono, akatamka kwamba imekufa. Anataka shilingi 650,000 kwa kompresa, gesi na kazi, na ameongeza kuwa R22 ikikosekana atajaza R410A. Dukani nimeiona mashine mpya ya inverta, ile ambayo kompresa yake huweza kupunguza mwendo, ya ukubwa huohuo kwa shilingi 1,600,000. Nishike lipi? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Ndugu yangu, kabla ya kuzungumzia fedha naomba tuanze na mkono wa fundi wako, kwa sababu kompresa, yaani pampu inayoisukuma gesi, haipimwi kwa mkono. Mkono humwambia fundi kwamba kitu kina moto, na kompresa iliyojaribu kuwaka mara kumi ikashindwa lazima iwe na moto, iwe nzima au mbovu. Dalili uliyoieleza, yaani kunguruma kwa sekunde chache na kunyamaza huku feni ikizunguka, mara nyingi hutokana na kapasita iliyochoka, kile kikopo cha mviringo kilichomo ndani ya mashine ya nje ambacho huisaidia mota ya kompresa kuanza kuzunguka. Kapasita ikipungua nguvu, mota huvuta umeme mwingi pasipo kuzunguka, joto hupanda, na kinga ya joto ambayo mafundi huiita ovalodi hukata. Ikipoa hurudi, na mchezo huanza upya. Kapasita ni kifaa cha bei ndogo sana ukiilinganisha na kompresa, na wakati mwingine ubovu wake huonekana kwa macho, kwani kifuniko chake cha juu hutuna kama kopo la maziwa lililoharibika. Usiiguse wewe mwenyewe, maana huweza kuhifadhi umeme hata baada ya swichi kuu kuzimwa.

Kapasita ikipimwa na kuonekana nzima, ndipo kompresa yenyewe ipimwe. Juu yake kuna ncha tatu za nyaya: ya pamoja, ya kuwashia na ya kuendeshea. Fundi hukata umeme, huondoa nyaya, kisha hupima ukinzani kati ya kila jozi kwa mita. Tuseme kati ya ncha ya pamoja na ya kuendeshea amepata omu 1.5, na kati ya ya pamoja na ya kuwashia amepata 2.5; basi kati ya ya kuwashia na ya kuendeshea ni lazima apate karibu 4, yaani jumla ya zile mbili. Jumla isipotimia, waya wa ndani umeungua. Kipimo cha pili ni kati ya kila ncha na bati la kompresa, ambapo hapatakiwi kuwa na mawasiliano yoyote ya umeme. Vipimo hivi vifanyike kompresa ikiwa imepoa kabisa, hata kama ni kusubiri saa kadhaa, kwa sababu ovalodi iliyofunguka kwa joto huonyesha kana kwamba waya umekatika, na kompresa nyingi nzima zimehukumiwa hivyo na kuishia kwenye vyuma chakavu. Ukiondoa muda wa kusubiri ipoe, kazi yote hii haizidi nusu saa, na fundi asiyekuwa na mita hana haki ya kukutajia bei.

Sasa tuseme imepimwa na kweli imekufa. Swali linalofuata ni kwamba imeuawa na nini, kwa kuwa kompresa mpya ikifungwa pasipo kuondoa kilichoiua ya kwanza itaifuata. Kwako wewe washukiwa ni wawili: umeme unaokatika na kurudi papo hapo, ambao huilazimisha kompresa kuanza wakati gesi bado imebanwa upande mmoja, na chumvi ya bahari, ambayo hula vile vibati vyembamba vya alumini nyuma ya mashine ya nje hadi joto likose pa kutokea. Dhidi ya wa kwanza, funga kifaa cha kuchelewesha umeme ambacho huisubirisha mashine angalau dakika tatu. Dhidi ya wa pili, kama vibati vinapukutika ukivigusa, hakuna dawa, na hilo peke yake linatosha kukufanya uiache mashine hiyo.

Kubadilisha kwenyewe kuna utaratibu usiofupishwa. Gesi ya zamani hunyonywa na kuhifadhiwa kwenye mtungi, haiachiwi hewani. Kompresa iliyoungua huacha asidi ndani ya mafuta, na mafuta hayo, ukiyanusa, yana harufu kali inayochoma pua. Kwa hiyo mabomba husafishwa kwa naitrojeni na kichujio cha kukaushia unyevu hubadilishwa. Baada ya kuchomelea, mfumo hujazwa naitrojeni ili kutafuta mvujo, kisha hewa yote na unyevu hunyonywa kwa pampu, na mwisho gesi huingizwa kwa kupimwa kwenye mizani, kulingana na gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko cha mashine. Fundi anayejaza gesi huku akipapasa bomba na kusema “sasa inatosha” anabahatisha kwa fedha zako.

Kuhusu R410A, mkatalie. Gesi hiyo hufanya kazi kwa mgandamizo unaozidi ule wa R22 kwa takribani asilimia 60, na mabomba, koili na vali za mashine yako hazikuundwa kuuhimili. Hata mafuta ni tofauti: kompresa za R22 kwa kawaida hutumia mafuta ya madini, na R410A huhitaji mafuta ya kutengenezwa ambayo hunyonya unyevu upesi. Ni kweli kwamba R22 inazidi kuwa adimu, na hilo halikusababishwa na wafanyabiashara peke yao. Chini ya Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987, ule wa kulinda tabaka la ozoni, nchi zinazoendelea, Tanzania ikiwamo, zilipangiwa kupunguza gesi za kundi hilo kwa asilimia 67.5 kufikia 2025 na asilimia 97.5 kufikia 2030, na kiasi kidogo kinachobaki ni cha matengenezo tu. Kwa maneno mengine, unapofunga kompresa mpya ya R22 leo, unajifunga kwenye gesi ambayo kila mwaka itakuwa ghali zaidi.

Tukija kwenye hesabu, kuna jambo ambalo wengi hulikosea. Kompresa mpya hairudishi namba ya ufanisi iliyokuwa kwenye karatasi siku uliyonunua, wala haiipandishi, kwa kuwa namba ile ni ya mashine nzima ilivyopimwa kiwandani: kompresa, koili mbili, feni na gesi kwa pamoja. Mashine yako ikiwa inavuta wati 2,000, na hiyo mpya inavuta wati 1,500, tofauti ni wati 500. Ukiiwasha saa nane kila usiku, na kompresa ikafanya kazi takribani asilimia 60 ya muda huo, utaokoa uniti 2.4 kwa usiku, yaani uniti 72 kwa mwezi. Chukua shilingi 350 kwa uniti kama mfano, nawe unabakiza shilingi 25,200 kwenye LUKU kila mwezi. Nyongeza ya shilingi 950,000 unayotakiwa kulipa dukani itarudi katika miaka mitatu na ziada kidogo. Kwa mtu anayewasha kiyoyozi wageni wanapokuja tu, hesabu hii haitimii hata kidogo. Kwa sebule inayotumika kila siku, mashine ya tangu 2013, gesi ya R22 na pwani yenye chumvi, mimi ningenunua mpya; lakini kwanza ningebadilisha kapasita nione, kwani huenda barua hii yote ni ya kikopo kimoja.

SWALI: Nilikwenda kununua AC ya BTU 12,000 katika duka moja hapa Mombasa. Ya kwanza ilikuwa na karatasi ya EER 3.2, ya pili EER 10.9 na ya tatu SEER 18. Muuzaji alinishauri nichukue ya tatu kwa kuwa namba yake ni kubwa kupita zote. Je, ni kweli? Na zile nyota zina maana gani? (Mama wa watoto wawili, Nyali)

JIBU: Mama, EER ni ubaridi unaopatikana ukigawanywa kwa umeme unaoliwa, na zile mbili za kwanza ni sawasawa. BTU 12,000 ni kiasi cha joto ambacho mashine hukitoa chumbani kwa saa moja, na kiasi hichohicho kikiandikwa kwa wati ni kama 3,517. Kampuni moja imegawanya wati za ubaridi kwa wati za umeme ikapata 3.2, nyingine imegawanya BTU kwa wati za umeme ikapata 10.9. Zidisha 3.2 kwa 3.412 utaona umefika palepale. Zote mbili huvuta takribani wati 1,100 zikiwa kwenye nguvu kamili, na anayeuliza “3.2 na 10.9, ipi kubwa?” ni kama anayelinganisha namba ya kilo na ya ratili.

SEER ni kipimo kingine. Hapo mashine haipimwi kwenye joto moja tu, bali hukadiriwa kwa msimu mzima, pamoja na siku za joto dogo ambapo inverta hupunguza mwendo na kula umeme kidogo. Ndiyo maana namba yake huwa kubwa kuliko EER ya mashine ileile, na hakuna namba moja ya kuzidisha ili kutoka kwenye moja kwenda kwenye nyingine. Zaidi ya hayo, SEER ya Marekani huhesabiwa kwa BTU na ya Ulaya huhesabiwa kwa wati, hivyo 6.1 inayotosha kuipa mashine daraja la A++ kule Ulaya si dhaifu kwa sababu tu inaonekana ndogo mbele ya 18. Usilinganishe namba za juu ya karatasi. Soma kibandiko cha ubavuni mwa mashine ya nje, utafute wati za matumizi ya kawaida, si zile za juu kabisa, kisha ugawanye BTU kwa wati hizo wewe mwenyewe kwa simu yako palepale dukani.

Nyota nazo husomwa ndani ya nchi yake. Kanuni za Kenya za mwaka 2016, ambazo sasa husimamiwa na EPRA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na petroli, zinatumia nyota moja hadi tano, na nyingi ndizo bora. India pia wana nyota tano, lakini wamekuwa wakipandisha vigezo vyao, hivyo nyota tano za mashine ya zamani kutoka huko huenda leo zikawa tatu.

SWALI: Nipo Maskati. Nilibadilishiwa kompresa mwezi wa nne na chumba kilipoa vizuri, lakini tangu mwezi wa sita mchana hakipoi, usiku kinapoa. Nimeibiwa? (Msomaji, Oman)

JIBU: Si lazima. Namba za kawaida za BTU na EER hupimwa joto la nje likiwa nyuzi 35, na kadiri joto hilo linavyopanda ndivyo ubaridi unavyopungua na umeme unavyoongezeka. Kwa nchi za Ghuba kuna kipimo kinachoitwa T3, cha nyuzi 46, na vibandiko vingi huko huandika namba mbili, ya T1 (ile ya nyuzi 35) na ya T3. Mwombe fundi akuonyeshe kibandiko cha kompresa aliyoifunga. Ikiwa ya zamani ilikuwa ya T3 na hii ni ya T1, arudi aibadilishe. Ikiwa zinalingana, aoshe vumbi kwenye koili ya nje kisha apime uzito wa gesi, kwa sababu upungufu ambao haukuonekana mwezi wa nne huonekana waziwazi mchana wa mwezi wa sita.