Kwaya ya Malindi kwenda kuabudu Ujerumani

Dada, Bwana asifiwe. Umeuliza kwaya yenu ijiandae vipi kwa wiki mbili na usharika wa Kilutheri Ujerumani, mwezi wa Novemba. Anzeni na viza: maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari hadi siku 15, msingoje huko mwisho. Barua ya mwaliko itaje nani analipia malazi na chakula. Bima ya matibabu isipungue yuro 30,000.

Ibada huchukua kama saa moja na huanza kwa wakati. Ukutani kuna kibao chenye namba za nyimbo. Fungueni kitabu mapema, maana mara nyingi kinanda huanza bila tangazo. Mkipewa nyimbo mbili, imbeni mbili, msiunganishe mapambio. Wenyeji wakikaa kimya, msivunjike moyo, ndivyo wanavyosikiliza. Leso vaeni, tena kwa fahari, ila ndani muwe na sweta nzito.