Maswali Yenu ya Kompyuta: Kupiga Windows Ambayo Haijatoka Rasmi

Windows Insider ni mpango ambao Microsoft iliuanzisha mwaka 2014 ili watu wa kawaida waijaribu Windows kabla haijatolewa kwa wote. Barua zenu kuhusu mpango huo zimekuwa nyingi, na tumechagua zile zinazogusa mambo yanayowakwamisha wengi. Nyingi zinauliza namna ya kutoka. Hatushangai: kuingia ni kubofya mara tatu, kutoka kunaweza kula nusu siku.

Mimi ni mwanafunzi wa chuo, laptopu ninayo moja tu, RAM ni GB 8. Naona kuna Canary, Dev, Beta na Release Preview. Nianzie wapi?
Msomaji, Morogoro

Hizo nne ni njia za kupokea matoleo, kuanzia bichi zaidi hadi lililokaribia kuiva. Canary na Dev ziache kabisa kwenye mashine yenye kazi zako za chuo. Tatizo kubwa si kuganda. Kuna wiki zinakwenda vizuri tu. Tatizo ni namba ya toleo. Windows haikubali kushuka kutoka namba kubwa kwenda ndogo huku ikikubakizia programu na mafaili yako, na Canary hutangulia wengine wote kwa namba. Ukishaingia humo na muda wa kurudi ukapita, njia iliyobaki ni kufuta diski na kupiga Windows upya.

Release Preview ni toleo lililokaribia sana kutoka. Beta bado linapikwa, lakini limeshaonjwa. Katika hizo mbili ipo swichi ya kujitoa kwa amani: ingia Settings, Windows Update, Windows Insider Program, kisha uwashe "Unenroll this device when the next version of Windows releases". Toleo rasmi likifika, kompyuta inatoka kwenye majaribio yenyewe bila kufuta kitu. Iwashe siku ileile unayojiunga. Ujue pia kwamba kujiunga kunadai uruhusu "optional diagnostic data", yaani kompyuta itatuma kwa Microsoft taarifa zaidi za namna inavyotumika.

Hata hivyo, kwako tungependelea kompyuta ndani ya kompyuta. Programu ya VirtualBox huendesha Windows nyingine ndani ya dirisha, na kuanzia toleo la 7.0 ina TPM 2.0 (chipu ya usalama) na Secure Boot (ulinzi wa wakati wa kuwaka) za kuiga, kwa hiyo Windows 11 inakubali kuingia bila hila. Fungua kwanza Task Manager, Performance, CPU, utazame neno "Virtualization". Likisema Disabled, ingia BIOS (mipangilio ya kompyuta kabla Windows haijawaka) uwashe "Intel Virtualization Technology", au "SVM Mode" kama prosesa ni ya AMD. Mashine ya ndani ipe RAM GB 4, prosesa 2 na diski ya GB 64. Diski hiyo hukua kadiri inavyojaa, lakini uwe na angalau GB 40 zilizo wazi. Ikienda polepole kupita kiasi, tazama ikoni zilizo chini ya dirisha upande wa kulia: ukiona kobe wa kijani, Hyper-V, mfumo wa Windows wenyewe wa kuendesha kompyuta za ndani, imeshika usukani na VirtualBox inatembea kwa mkongojo. Zima Hyper-V, Virtual Machine Platform na Memory integrity, kisha uristati. Ukimaliza kusakinisha, piga "snapshot" kabla ya jambo lingine lolote. Toleo la wiki ijayo likiharibika, unarudi ulipokuwa kwa dakika moja.

Nimenunua kompyuta ya mtumba. Kona ya chini kulia imeandikwa "Evaluation copy" na namba ndefu. Nimeuziwa Windows feki?
Msomaji, Kahama

Si feki, ni toleo la majaribio ambalo muuzaji aliliacha humo, na lina tarehe ya kufa. Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika `winver`, ubonyeze Enter. Kwenye kisanduku kitakachofunguka utaona siku linapokwisha. Tarehe ikikaribia utaanza kupata maonyo, baadaye kompyuta itajizima na kujiwasha yenyewe, na mwisho itakataa kuwaka. Usiisubiri siku hiyo. Nakili mafaili yako leo, upige toleo rasmi. Na maandishi ya konani yakikosekana, usichukulie kuwa toleo ni rasmi, kwani baadhi ya matoleo ya majaribio hayana. Mwenye jibu ni `winver`.

Nilijiunga na Dev wiki mbili zilizopita, sasa printa haifanyi kazi. Nataka kurudi, lakini kitufe cha "Go back" kimefifia.
Msomaji, Mombasa

Kimefifia kwa sababu siku 10 zimepita. Windows ya zamani huwekwa kwenye folda ya Windows.old, na baada ya siku 10 hufutwa ili diski ipumue. Anayepitisha Disk Cleanup au Storage Sense na kutiki "Previous Windows installation" anaifuta mwenyewe hata siku ya pili. Wengine wanaosoma hapa na bado wako ndani ya muda wanaweza kuurefusha hadi siku 60, kwa kufungua Command Prompt kama administrator na kuandika:

`DISM /Online /Set-OSUninstallWindow /Value:60`

Kwako iliyobaki ni kuanza upya. Kabla ya kufuta, hamisha mafaili kwenye diski ya nje, na ufungue kweli picha mbili na hati mbili kutoka huko kuhakikisha zimefika nzima. Kisha chukua madraiva. Tengeneza folda kwenye flashi, tuseme E:\madraiva, na kwa Command Prompt ya administrator uandike `pnputil /export-driver * E:\madraiva`. Watu huidharau hatua hii, halafu wanajikuta na Windows mpya isiyoiona Wi-Fi, na draiva ya Wi-Fi iko mtandaoni.

Pakua ISO (faili moja lenye Windows nzima) ya toleo rasmi kwenye tovuti ya Microsoft, itengenezee flashi kwa programu ya Rufus, uwashe kompyuta kwa flashi hiyo. Ikikuuliza product key, chagua "I don't have a product key", kisha toleo lilelile ulilokuwa nalo: kama ni Home chagua Home, kama ni Pro chagua Pro. Leseni imefungwa na mashine yenyewe, itajiwasha ukiingia mtandaoni. Ukikosea hapo, Windows itakudai leseni ambayo tayari unayo.

Baada ya kusasisha, kioo kimekuwa cha bluu na kinataka namba yenye tarakimu 48. Sijawahi kuweka nywila ya aina hiyo.

Hukuiweka wewe. Ni BitLocker, mfumo wa Windows wa kufunga diski kwa ufunguo. Kompyuta nyingi za sasa hufunga diski zenyewe mara unapoingia na akaunti ya Microsoft, na kuanzia Windows 11 24H2 jambo hili limeenea zaidi. Ufunguo umeshikwa na chipu ya TPM, nayo huutoa endapo tu kompyuta imewaka kwa njia inayoitambua. Mabadiliko ya BIOS, ya Secure Boot au ya faili za kuwashia yanatosha kuitia shaka.

Kwa simu, fungua aka.ms/myrecoverykey kwa akaunti ileile ya Microsoft. Zikiwamo funguo kadhaa, linganisha "Key ID" ya kwenye kioo na ya kwenye simu. Ikiwa kompyuta ilisajiliwa kwa akaunti ya ofisi au shule, ufunguo uko kwa msimamizi wao. Kama haupo popote, hakuna fundi wa kuifungua diski hiyo, na anayekuahidi hivyo anataka hela yako tu.

Mwenye kompyuta inayowaka leo aandike `manage-bde -protectors -get C:` kwenye Command Prompt ya administrator na anakili tarakimu hizo 48 kwenye daftari. Kwenye karatasi, tafadhali, si kwenye diski hiyohiyo iliyofungwa.

Nilinunua SSD ya pili nikaiwekea toleo la majaribio. Ikawaka vizuri. Nilipochomoa diski ya zamani, kompyuta ikasema hakuna cha kuwashia. SSD imekufa?
Msomaji, Dodoma

SSD ni nzima. Kilichotokea ni hiki: Windows inaposakinishwa hutafuta kwanza kama kuna kipande cha EFI, yaani cha faili za kuwashia, kwenye diski yoyote ndani ya kompyuta. Ikikipata, huweka faili zake za kuwashia humo badala ya kutengeneza kipya. Windows yako mpya ilikaa kwenye SSD, mlango wake ukajengwa kwenye diski ya zamani. Umeuchomoa mlango.

Kinga yake ni ya mikono. Kabla ya kusakinisha, zima kompyuta, chomoa waya wa umeme ukutani, fungua kava, ushike kichwa cha waya wa SATA wa diski ya zamani. Vichwa vingi vina kibati kidogo cha chuma mgongoni: kibonyeze ndipo uvute, ukivuta bila kukibonyeza unavunja soketi ya diski. Usiukamate waya wenyewe, kamata plastiki. Acha diski mpya peke yake, sakinisha, ndipo urudishe ya zamani na kuchagua ya kuwasha kwa F12, F11 au F8 kutegemea mtengenezaji.

Kwa hali yako, mlango unajengeka bila kusakinisha upya, mradi SSD iwe imegawanywa kwa mpangilio wa GPT. Washa kwa flashi ya Windows, bonyeza Shift na F10, andika `diskpart`, kisha `list volume`. Tambua herufi ya kipande chenye Windows kwa ukubwa wake. Tuchukulie ni C na namba yake ni 1. Endelea hivi, mstari kwa mstari:

`select volume 1`
`shrink desired=300`
`create partition efi size=300`
`format quick fs=fat32`
`assign letter=S`
`exit`
`bcdboot C:\Windows /s S: /f UEFI`

Ukisoma "Boot files successfully created", toa flashi na uwashe. Herufi ikiwa D badala ya C, badilisha kwenye mstari wa mwisho. Hakikisha diski ya zamani imechomolewa wakati wote huo, usije ukakata kipande kwenye diski isiyohusika.

Nikinakili ISO kwenye flashi ya GB 16 inakataa, inasema faili ni kubwa mno, na nafasi ipo tele.

Flashi imepangwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haipokei faili moja inayofika GB 4, na `install.wim` ya Windows 11 imeshapita hapo. Tumia Rufus, italishughulikia hilo. Na kama unachotaka ni kusasisha Windows inayowaka tayari, flashi ya nini? Bofya ISO mara mbili, endesha `setup.exe`.

Bando langu ni dogo na umeme wetu unakatika. Nijaribu?
Msomaji, Kigoma

Bando ndilo la kuhofia zaidi. Matoleo ya majaribio huja mara kwa mara, na toleo zima ni GB kadhaa kila linapokuja. Pakua ISO mahali penye mtandao wa bure, na mwanzoni mwa usakinishaji bofya "Change how Setup downloads updates" uchague "Not right now". Mtandao wa simu uwekee "Metered connection", na kwenye Delivery Optimization, sehemu ya Windows Update ya kugawana masasisho, uzime ruhusa ya kupakua kutoka kompyuta nyingine. Ikiwa wazi kwa intaneti nzima, kompyuta yako nayo hutumia bando lako kuwarushia watu wengine masasisho.

Umeme ukikatika wakati wa kupakua, hakuna hasara, itaendelea. Ukikatika kioo kikiwa na asilimia, mara nyingi usakinishaji huendelea au hurudi nyuma wenyewe mashine ikiwaka tena, nawe uiache hata ikikaa saa nzima kwenye "Undoing changes". Laptopu ijae chaji. Kompyuta ya mezani iwe na UPS, au subiri saa ambazo umeme wenu hutulia. Ikirudi nyuma na kukuonyesha 0xC1900101, kosa ni la draiva: ondoa antivairasi uliyojiwekea, chomoa printa na diski za nje, sasisha madraiva kutoka kwa mtengenezaji, ujaribu tena.

Je, Ubuntu ya beta nayo ina matatizo haya ya kurudi?

Kutoka ni rahisi zaidi: endelea kusasisha kwa `sudo apt update` na `sudo apt full-upgrade`, na siku toleo rasmi likitoka utakuwa nalo. Lakini hatari za kuwa mbele ya wengine ziko palepale. Tarehe 29 Machi 2024 mhandisi Andres Freund alitangaza kwamba xz 5.6.0 na 5.6.1, matoleo ya programu ya kubana mafaili kwenye Linux, zilikuwa zimefichwa mlango wa siri. Alianza kushuku kwa sababu kuingia kwa SSH, njia ya kuingia kompyuta ya mbali, kulichelewa karibu nusu sekunde. Zilikuwa zimeshaingia kwenye Linux nyingine mbili za majaribio, Debian ya majaribio na Fedora Rawhide, si kwenye Debian thabiti. Canonical, kampuni inayotengeneza Ubuntu, ilisogeza beta ya Ubuntu 24.04 kwa wiki moja, hadi 11 Aprili, ili kujenga upya vifurushi vyake. Kwa hiyo kompyuta ya hesabu za duka au ya kuingilia benki isiwe ya beta, iwe Windows au Ubuntu.

Kuripoti hitilafu kunasaidia, au tunapoteza muda?
Msomaji, Nakuru

Kunasaidia ukiripoti vizuri. Oktoba 2018 Microsoft ilitoa Windows 10 1809, na siku chache baadaye ikalazimika kuisimamisha kwa sababu ilifuta mafaili ya baadhi ya watu. Wanaojaribu walikuwa wameshaandika kuhusu ufutaji huo kabla, lakini ripoti zao zilizama kati ya nyingine kwa kukosa kura. Toleo lilirudi 13 Novemba, na Feedback Hub, programu ya Windows ya kuripoti hitilafu, ikaongezewa sehemu ya kueleza uzito wa tatizo. Itumie. Bonyeza Windows na F, uandike kichwa kinachotaja kitendo na matokeo: "Folda ya Documents imebaki tupu baada ya kusasisha" kitasomwa kuliko "Windows mbovu". Tafuta kama mwingine ameshaandika, umwongezee kura. Kama tatizo linarudiwa, chagua "Recreate my problem", anza kurekodi, lifanye litokee, simamisha, ndipo utume.