Pa kunolea ujuzi wa usalama wa kompyuta ukiwa Malindi

Ndugu, umesema uko Malindi, una laptopu ya RAM GB 4 na bando la kubana, na wauliza ufanyie wapi mazoezi ya udukuzi halali. Anza na Bandit, mchezo wa mafumbo wa tovuti ya OverTheWire: ni bure, na kwa kuwa ni maandishi matupu kupitia SSH (njia salama ya kuingia kompyuta ya mbali kwa amri), hula data kidogo mno. Seva ni bandit.labs.overthewire.org, poti (namba ya mlango wa seva) 2220, jina bandit0, nywila bandit0. Wengi hukwama hapo hapo: wasipotaja poti, SSH huenda 22, poti yake ya kawaida.

Kisha picoCTF, mafumbo ya bure ya usalama wa kompyuta mtandaoni. Metasploitable 2, kompyuta pepe ya mazoezi, ndani ya VirtualBox (programu ya kuendesha kompyuta pepe) nayo safi, RAM MB 512 zaitosha, ila usiiunganishe na intaneti. Imejaa mianya makusudi.

Wi-Fi za hoteli za ufuoni usiziguse bila idhini ya maandishi. Kwa kuingia mfumo bila idhini, sheria ya Kenya ya uhalifu wa mtandao ya 2018 yaruhusu faini hadi shilingi milioni 5, kifungo hadi miaka 3, au vyote.