Maswali ya jikoni: Sambaza wa mababu hawakuwapo

Barua za wiki hii ni nyingi, na karibu nusu zinauliza jambo moja. Naanza na hilo ili tupumue.

Mimi ni mama wa Kadutu, Bukavu. Nataka kuwapikia watoto sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, kama walivyopikwa kabla ya Wabelgiji kuja. Walitumia mafuta gani?

Hawakutumia yoyote, mama, maana sambaza hawakuwemo ziwani. Waliletwa Kivu kutoka Tanganyika mwaka 1959, umebaki mwaka mmoja tu Kongo ipate uhuru. Kama koko wako (bibi au babu) yuko hai, pengine anakumbuka ziwa bila wao. Ukitaka samaki wa zamani, tafuta kambale umkaushe kwa moshi. Swali hili nimelijibu mara tatu.

Bugali (ugali) wa asili ni wa muhogo au wa mahindi? Kijana wa Goma.

Si huo wala ule. Vyote viwili vimetoka Amerika. Muhogo uliletwa na Wareno pwani ya Atlantiki karne ya 16, na ukakawia sana kutufikia huku milimani. Kabla yake watu walisonga mtama na ulezi. Jaribu ulezi: koroga unga kidogo kwenye maji ya vuguvugu, uache uchemke kama uji, ndipo uongeze unga na kusonga. Utatoka mweusi, hauvutiki, unameguka mkononi. Ndivyo ulivyo. Usichanganye na muhogo ili ushikane, kisha ukaniambia umepika historia. Na ndugu wa Lubumbashi wasitucheke: bukari wao wa mahindi una deni kubwa kwa mgao wa unga ambao kampuni ya migodi ya Union Minière iliwapa wafanyakazi wake.

Kwa kuwa tumeutaja muhogo: sokoni siku hizi kuna kosete, yaani vipande vya muhogo mkavu, zilizolala majini usiku mmoja tu. Muhogo mchungu unataka siku tatu au nne ndipo uanikwe. Ukiharakishwa, sianidi inabaki ndani, na wanaoula kila siku bila samaki wala maharage wanaweza kupata konzo, ugonjwa unaopooza miguu na usiopona. Daktari Trolli aliuandika tangu 1938 huko Kwango, kusini-magharibi mwa Kongo. Muulize muuzaji amelowesha siku ngapi. Akinuna, nenda kwa mwingine.

Nikitia kube (kiungo cha mchemraba cha dukani) kwenye sombe (majani ya muhogo), bado ni ya koko?

Ndiyo. Kube ya Maggi ilianza kuuzwa 1908. Koko wako ndiye mdogo.

Koko akinielekeza anasema "tia mawese kidogo". Kidogo ni gramu ngapi?

Usimuulize yeye, pima chupa. Pima mawese kabla hajaanza na baada ya kumaliza, tofauti ndiyo "kidogo" chake. Chumvi vilevile: mpe kwenye kisahani, kisha upime iliyobaki. Wakati usiuandike kwa saa, andika anachokitazama: majani yamepoteza ukijani, mafuta yamepanda juu, harufu mbichi imeisha. Na andika chombo. Mimi mwaka mzima nilifuata maneno ya shangazi neno kwa neno na sombe yangu ikawa tope. Yeye alitwanga kwenye kinu, mimi nilipeleka majani kwenye mashini ya sokoni yakarudi kama rangi ya ukuta. Hakunitajia kinu kwa sababu hakudhani kuna mtu angetwanga na kitu kingine.

Chumvi ya majivu naitengenezaje? Nina majivu mengi kwenye mbabula (jiko la makaa).

Hayo ya mbabula yatupe. Nusu ya mji tunawashia makala kwa mifuko ya plastiki, wewe unataka kuila? Choma maganda makavu ya ndizi peke yake, juu ya bati safi. Weka majivu kwenye kitambaa, pitisha maji ya moto polepole, kisha chemsha maji hayo mpaka yakauke. Ladha yake ni ya uchungu kidogo, na maharage yanaiva upesi kwayo. Tia kwa ncha ya kijiko. Ina potasiamu nyingi, kwa hiyo mwenye ugonjwa wa figo asiionje kabisa.