Mguu wa kushoto unanitetemekea

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina miaka 51 na huu ni mwezi wa nane tangu nianze yoga. Mikao ya kukaa chini sina shida nayo, tatizo ni mkao wa mti, ule wa kusimama kwa mguu mmoja huku unyayo wa pili ukiegemea mguu uliosimama. Nikisimamia mguu wa kulia nafika pumzi kumi. Wa kushoto, pumzi mbili tu: unatetemeka, vidole vinaukwaruza mkeka, naanguka. Kifundo cha mguu huo kiliwahi kuteguka zamani. Nilinunua mkeka mnene unisaidie, naona hali imezidi. Je, ni umri? – Mama wa Watatu

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Huo mkeka mnene uweke kando leo hii. Unyayo hupokea habari kutoka sakafuni, na ukiutandikia godoro habari hizo huufikia zikiwa zimefifia. Simama pekupeku kwenye sakafu ngumu na kavu.

Umri una sehemu yake, sikufichi, lakini usingeuchagua mguu mmoja ukauacha wa pili. Ninachokishuku ni kule kuteguka. Uvimbe hunywea na maumivu huisha, ila ile fahamu ya kifundo, inayokujulisha umeegemea wapi bila kutazama chini, inaweza kubaki imepungua kwa muda mrefu. Habari njema ni kwamba inafundishika upya, na kusimama kwa mguu mmoja ni katika mazoezi yanayoifundisha. Kama kifundo kinauma au kinakuponyoka hata ukitembea tu, muone kwanza mtaalamu wa tiba ya viungo.

Sasa vidole. Niliposoma kwamba vinaukwaruza mkeka nilijiona mimi mwenyewe. Miaka yangu mitano ya mwanzo nilisimama hivyo, vidole vimekunjika kama vya ndege tawini, nikidhani ndiyo nguvu. Siku moja mwalimu wangu alipiga magoti mbele yangu, akachomeka kipande cha karatasi chini ya shina la kidole gumba, akakivuta. Kikatoka chenyewe! Kumbe uzito wangu ulikuwa umelalia ukingo wa nje wa unyayo, na vidole vilikuwa vikihangaika kuniokoa. Upande huo wa nje ndiko vifundo vingi hutegukia, kwa hiyo nawe uuangalie sana.

Fanya hivi. Simama kwa miguu yote miwili, inua vidole vyote kumi, uvitanue. Utahisi sehemu tatu zimebaki chini katika kila mguu: kisigino, shina la kidole gumba na shina la kidole kidogo. Utaona pia uvungu wa unyayo umeinuka, maana kidole gumba kikipanda huuvuta. Sasa shusha vidole polepole, vilale tu bila kung'ang'ania, na uvungu usiporomoke. Hapa ndipo kazi ilipo. Mimi hili peke yake nililirudia wiki kadhaa kabla ya kurudi kwenye mti, na sijutii hata siku moja. Jaribu na karatasi. Mtoto mmoja akuvutie.

Kisha rudi kwenye mti, ukianza na kushoto kabla hujachoka, kidole kimoja cha mkono kikigusa ukuta. Mguu unaoinuliwa uache vidole vyake chini kwanza, kisigino kikiegemea kifundo cha mwenzake. Baadaye upandishe kwenye kigimbi, na siku nyingine pajani. Gotini usiukandamize kabisa, goti halikuumbwa kusukumwa kutoka ubavuni. Goti unalosimamia usilikaze hadi mwisho, na nyonga ya upande huo isichomoze nje. Macho yatulie kwenye alama moja ukutani.

Kutetemeka kusikutie wasiwasi. Misuli ya kigimbi na unyayo inasahihisha mwegemeo wako papo kwa papo, na kwa mguu uliowahi kuumia kazi hiyo huonekana zaidi. Mguu ukianza kurukaruka, shusha wa pili, pumua, anza tena.

Dakika mbili kila siku, hata ukiwa unapiga mswaki, nazipenda kuliko nusu saa ya mara moja kwa wiki. Macho usiyafumbe bado, maana nayo yanakushikilia. Kushoto ukifika pumzi tano bila ukuta, niandikie, hapo tutaanza kuyafumba.