Mashati matatu ya kijivu na suruali nne: jibu langu refu kwa aliyeuliza

Mkuu, swali lako nimelisoma jana usiku nikaona halifai kujibiwa kwa mstari mmoja. Umesema kaka yako amekuletea mashati 3 ya kijivu ya mikono mirefu: moja limefifia karibu na jeupe, moja la katikati, moja limekolea kama mkaa. Jumatatu unaanza kazi mapokezi, na kabatini una suruali 4 za kitambaa: nyeusi, nevi bluu, kaki na ya kijivu. Waliotangulia wamekujibu kwamba kijivu kinaenda na kila kitu, usihangaike. Hapo sikubaliani nao. Nimevaa mashati ya kijivu kazini mwaka wa tisa huu, ofisi ya kutoa mizigo bandarini hapa Dar, na kijivu ndiyo rangi iliyonisumbua kuliko zote kabla sijaielewa.

Marehemu baba alikuwa mwalimu. Alikuwa na Kaunda suti moja ya kijivu, ya tetroni, mikono mifupi, aliyoshonewa na fundi wa mtaani kwetu Morogoro. Aliivaa siku za mitihani na siku za misiba. Kijivu juu, kijivu chini, na alipendeza kweli kweli. Nilipopata kazi nikataka nipendeze vile vile. Nikanunua shati la kijivu cha katikati Karume kwenye mitumba, suruali ya kijivu cha katikati nikaitoa dukani Kariakoo. Chini ya taa ya chumbani zilifanana. Nilipotoka juani nikaona shati lina ubluu kwa mbali na suruali ina ukahawia. Nilionekana kama mtu aliyetaka suti akakosa kipande kimoja.

Aliyenifungua macho ni fundi anayenishonea hadi leo. Nilimpelekea ile suruali aipunguze miguu, nikamweleza habari ya suti ya mzee. Akasema, "Kijana wangu, ile ya baba yako ilikatwa kwenye jora moja, juu na chini. Wewe huna jora moja, kwa hiyo ziachanishe mbali." Akalichukua shati langu, akaenda nalo mlangoni kwenye mwanga, akaunyoosha mkono wa shati juu ya meza, kisha akawa analaza vipande vya vitambaa vya suruali juu yake, kimoja kimoja. Akaniambia nifumbe macho nusu. Jaribu na wewe utaona: ukifumba macho nusu rangi zinapotea, unabaki na mwanga na giza tu. Kipande cha kijivu kilizama kwenye shati, mpaka kati yao hauonekani. Cha kaki, vile vile. Cha nevi bluu kikasimama peke yake, ukingo wake unaonekana wazi kama umechorwa.

Hiyo ndiyo hoja yangu nzima, mkuu. Kijivu hakina rangi ya kukusaidia. Shati jekundu au la bluu linajitenga na suruali hata kama ukolezi wao umelingana, kwa sababu rangi zenyewe zinagombana. Kijivu kinategemea ukolezi peke yake. Shati likiwa hafifu, suruali iwe imekolea. Shati likiwa limekolea, suruali iwe hafifu. Vikikaribiana, mtu mzima unaonekana kama una vumbi.

Sasa tuje kwenye kabati lako. Nevi bluu ndiyo rafiki wa kweli wa shati lako hafifu, na la katikati pia. Kwenye lile la mkaa usiivae, maana vyote viwili vina giza na jioni hakuna atakayejua umevaa nini. La mkaa lipe kaki, au suruali ya kijivu kama hiyo uliyonayo ni hafifu. Hujasema ikoje, kwa hiyo itoe nje uitazame. Ikiwa nayo ni ya mkaa, basi ni ya kuvaa na shati hafifu, na hapo utapata kile nilichokuwa natafuta kwa mzee: kijivu juu na chini, lakini kwa makusudi.

Suruali nyeusi niiongelee kidogo kwa sababu wengi huikimbilia. Nyeusi na shati hafifu, sawa kabisa. Nyeusi na shati la katikati, hasa ukiongeza tai nyeusi, hapana. Niliivaa hivyo kwenye sendofu ya binti wa jirani yetu, nikakuta wahudumu wa ukumbi wamevaa hivyo hivyo tangu kola hadi viatu. Mama mmoja wa heshima akaniita akaniomba maji ya baridi. Nilimletea, ni mama yangu yule, lakini tangu siku hiyo sijarudia, na wewe unayekaa mapokezi una sababu zaidi yangu ya kuepuka kufananishwa.

Tai: sheria ni kwamba iwe imekolea kuliko shati. Kwa shati hafifu mimi nina mbili tu, ya damu ya mzee na ya nevi bluu, na zinanitosha mwaka mzima. Damu ya mzee juu ya kijivu hafifu ni mchanganyiko ambao watu wananisifia bila kujua wanasifia nini. Zile za rangi ya fedha zinazometameta waachie maharusi. Shati la mkaa livae bila tai, kifungo cha juu wazi. Ukihitaji koti, la nevi bluu juu ya shati hafifu linafaa hadi mkutano wa bodi. Viatu na mkanda: kahawia iliyokolea kwa nevi bluu na kaki, nyeusi kwa nyeusi na kijivu, na mkanda ufuate viatu.

Kuna jambo la ngozi ambalo sijaona mtu akiligusa. Jina lenyewe limetoka kwenye jivu, na kijivu kina tabia ya kuonyesha ngozi iliyopauka. Kama mimi, mweusi tii, kijivu hafifu kinaung'arisha uso, lakini mkono ukitoka kwenye pindo haujapakwa mafuta, weupe wa ukavu unaonekana mara mbili, kwa sababu macho yanaulinganisha na shati hapo hapo. Paka mafuta mikononi na shingoni kabla ya kuvaa, subiri yakauke, usije ukachafua kola. Watu weupe naona mara nyingi kijivu cha katikati au cha mkaa kinawakaa vizuri zaidi, hafifu kinawafifisha.

Halafu jasho. Hapa ndipo shati la katikati linapowaangusha watu wa pwani. Kitambaa kikilowa, maji yanajaza nafasi kati ya nyuzi, mwanga unaorudi kwenye macho unapungua, na doa linakuwa na giza. Kwenye jeupe doa halionekani sana, kwenye mkaa halina pa kuongeza giza, lakini kwenye kijivu cha katikati linaonekana hadi ng'ambo ya barabara. Januari hadi Machi, joto la hapa likifika nyuzi 32 na unyevu wake ule, mimi shati la katikati silivai kabisa nikijua nitapanda daladala. Nalisubiri Juni na Julai. Fulana ya ndani inasaidia, ila usivae nyeupe: chini ya shati hafifu mistari yake inaonekana mabegani. Tafuta ya pamba iliyo karibu na rangi ya ngozi yako, shingo ya V, haitaonekana.

Angalia pia shati limefumwaje. Lisogeze karibu kabisa na macho. Mengine uzi wenyewe ni wa kijivu, yamekuwa bapa kama ukuta uliopakwa rangi. Mengine utakuta uzi mweupe unapishana na mweusi, na kijivu unakiona tu ukisogea mbali. Hayo ya nyuzi mbili ndiyo ninayoyapenda, yana uhai. La kwangu la namna hiyo lina miaka 6 na kola yake nimeshaigeuza kwa fundi mara moja. Ukingo ulikuwa umeanza kuchanika, akaifumua, akageuza upande wa ndani ukawa nje. Kazi ya nusu saa, na shati likaanza maisha upya.

Kufua sitasema mengi. Geuza ndani nje, anika kivulini, maana jua linaanza kula mabega na ukishtuka shati lina vijivu viwili. Dawa ya kung'arishia nguo nyeupe isilikaribie hata kwa tone. Mimi niliharibu moja zuri namna hiyo, likatoka baka la rangi ya chungwa kifuani. Wanga uchuje vizuri, kwenye la mkaa huacha unga mweupe kwenye mishono. Na kama kuna tetroni ndani yake, pasi iwe ya wastani na uipitishe upande wa ndani, vinginevyo viwiko na kola vitaanza kung'aa.

Kwa hiyo Jumatatu vaa hafifu na nevi bluu, chomekea, viatu vya kahawia, na tai ya damu ya mzee kama ofisi inataka tai. Siku ya pili badilisha vyote, vaa suruali nyeusi na shati lolote jeupe ulilonalo, ili lile hafifu lifuliwe kwa utulivu. La mkaa na kaki liwe la Ijumaa. La katikati usilipangie siku bado. Lipeleke mlangoni asubuhi, lilaze juu ya ile nevi bluu, ufumbe macho nusu. Ukipiga picha piga nje, usipige chini ya taa, kisha uiweke hapa niione.